Lori la Kwanza Halionekani

Juzi nilikuwa kwenye dirisha la huduma la yadi moja ya malori pale Chapwa, karibu na mpaka wa Zambia. Dereva aliyebeba vitunguu vya Zambia aligonga kioo kwa ufunguo, akaonyesha skrini ya foleni.

"Dada, leo nimefika wa kwanza. Mbona wanaitwa walionikuta?"

Dada huyo wa ndani ya dirisha ndiye aliyeandika programu ya foleni. Akaipitia, akajikuna shingo.

"Hakuna rushwa, kaka. Programu inachota mstari wa kwanza kwenye kanzidata ili ijue kama kuna lori lolote. Ikishajua, hairudi nyuma. Inaanza kuonyesha wa pili."

"Na wa kwanza?"

"Anaachwa."

"Mbona haimwachi wa mwisho?"

Dada akainamia kibodi. Akarekebisha, lori la vitunguu likatokea juu kabisa ya skrini. Nikamwamini, maana kompyuta haina shemeji.

Nikatoka. Nje ya geti, lori moja jipya lilikuwa linanguruma bila kuingia. Nikamuuliza mlinzi linangoja nini.

"La bosi wa yadi hilo," akasema. "Kila siku haliingii mpaka lingine litangulie."