Dobi Aliyejaribu Imani Kwenye Pindo

Chwaa!

Hiyo ndiyo sauti ya kwanza anayoikumbuka duniani, kabla hata ya sauti ya kuitwa jina lake: kidole cha mama yake, kimelowa mate, kikigusa tumbo la pasi ya mkaa. Mama alikuwa dobi. Aliisikiliza ile chwaa kama daktari asikilizavyo kifua, akajua kama moto umezidi au umepungua. Hata hivyo hakuiamini. Kila nguo ngeni aliijaribu kwanza kwa ndani, kwenye pindo, mahali ambapo hata ikiungua hakuna atakayeona.

"Pasi inasema kweli," alimwambia mwanawe, "na kitambaa kinasema kweli. Ila havijawahi kukutana."

Mwana akarithi pasi, meza na tahadhari ile. Kabla ya kunyoosha chochote alipindua nguo na kutafuta pindo, hata kama nguo yenyewe ni ya mteja aliyemfulia miaka kumi, mpaka mtaa mzima ukamwita Pindo. Tabia hiyo haikuwa na neno. Neno lilikuja alipoanza kujaribu na mambo mengine vivyo hivyo, na dini ikawa ya kwanza.

Si kosa lake peke yake. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kupokelea na kamba tatu uani, na wateja wake wakubwa walikuwa watu wa ibada, kwani hakuna wapendao weupe kuliko wao. Joho la mchungaji lilikauka bega kwa bega na kanzu ya ustadhi, na pembeni yao magauni ya kina mama wa maombi, wanaovaa meupe mpaka soksi. Kamba moja, jua moja. Pindo alijua jambo ambalo adabu ya kazi haikumruhusu kulisema: uchafu wa kola zote ni wa rangi moja.

Alianza kwa kuwasikiliza pale dirishani. Kisha akawafuata. Alikuwa amenyunyiziwa maji ya ubatizo akiwa mchanga. Alipofika miaka ishirini na sita akazamishwa mzima mzima kwingine, akaibuka na maji masikioni na furaha iliyodumu wiki tatu. Alifunga mwezi mzima na ustadhi, akakonda, akapenda ule utulivu wa alfajiri kuliko hoja zilizofuata jioni. Akakaa mwaka na watu wanaokutana juu ya duka la rangi, ambao ibada yao ni kunyamaza, akatoka walipoanza kugombana nani ananyamaza vizuri zaidi. Kila mahali aliokota kitu, na hakukitupa. Na kila mahali, walipomwambia sasa inatosha, afunge mlango wa nyuma atulie, alivaa viatu vyake taratibu akaondoka bila kumkosea mtu.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyemfuta orodhani. Mchungaji alimtaja kuwa kondoo aliyepotea kidogo. Ustadhi alisema ni ndugu anayechelewa. Wale wa juu ya duka la rangi hawakusema kitu, lakini hiyo ndiyo desturi yao.

Fundi cherehani wa chumba cha pili, aliyekuwa rafiki yake na mchokozi wake, alipata kumuuliza:

"We Pindo, siku ukifa tukuzike wapi?"

"Mtakapopata nafasi."

"Nauliza kwa nia njema, bwana. Kila upande una haki yake. Tukukate vipande?"

"Si wewe fundi? Chukua vipimo."

Dada yake hakucheka. Alimzidi miaka kumi na miwili, na mama yao alipofariki yeye ndiye aliyemlea. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sasa mstaafu, na kwa miaka arobaini alikuwa amekaa benchi moja la kanisa moja, la tatu kutoka mbele, mwisho wa kushoto. Wageni waliolikalia kwa bahati mbaya hawakurudia.

"Mshika mawili moja humponyoka," alimwambia kila Jumapili akimpakulia chakula. "Wewe umeshika saba."

"Sijashika, dada. Nimegusa."

"Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekurudisha darasa la kwanza."

"Ndiko niliko."

Pindo alimwogopa kwa jambo moja. Dada hakuhitaji ushahidi wala mashahidi. Alimtazama tu usoni, akajua kama anadanganya. Tangu alipoiba sukari akiwa na miaka mitano mpaka nywele zikamtoka, hakuwahi kumpita hata mara moja.

Basi dada akaugua. Uvimbe tumboni, wakasema, na upasuaji ukapangwa Alhamisi. Jumatano asubuhi binti wa dada akaja mbio mpaka dirishani.

"Mjomba, mama anasema uje saa za kuona wagonjwa. Anataka umwombee."

"Nani?"

"Wewe."

"Dawa hizo zinamchanganya. Nenda kwa mchungaji."

"Mchungaji keshakuja, mjomba. Mama amesema wewe. Na amesema usije na maneno ya kuazima. Atajua."

Wote wawili wakanusa moshi kwa pamoja. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini Pindo alikuwa ameisahau pasi juu ya nguo, na nguo yenyewe ilikuwa joho la mchungaji, kifuani hasa. Alama ilitoka safi kabisa, yenye ncha na yote, kama mtumbwi wa kahawia.

Fundi cherehani alikuwa ametega masikio yote mawili. Binti alipoondoka akaja kusimama mlangoni.

"Dini saba, dua hata moja huna!"

"Niache."

"Nikuazime ya kwangu? Ni fupi, haina mambo mengi."

"Hujasikia alivyosema?"

Fundi akalichukua lile joho lililoungua, akalitazama, akatikisa kichwa. "Hili niachie, nitalipachika mfuko," akasema kwa upole. "Wewe nenda."

Njiani Pindo alijaribu kutunga. Akianza na "Ee Baba," aliiona kola ya mchungaji. Akianza na "Ewe Mola," uliingia mkono wa kanzu ya ustadhi. Akinyamaza, aliwasikia wale wa juu ya duka la rangi wakigombana. Kila neno lilikuwa na mwenyewe, na wenyewe wote aliwafulia. Miaka yote hiyo alikuwa amejaribu pembeni, kwa ndani, pasipoonekana. Leo mtu aliyempenda kuliko wote alitaka jambo la mbele, kwenye mwanga, na alilitaka kabla ya saa saba mchana, saa za kuona wagonjwa zinapokwisha. Akisema asichokiamini, dada atajua. Asiposema kitu, dada ataingia chumba cha upasuaji bila kitu.

Mlangoni mwa wodi alipishana na kina mama wa maombi, weupe mpaka soksi, wakitoka kwa mwendo wa washindi.

"Tumeshamaliza, kaka," kiongozi wao akamwambia. "Hakuna uvimbe tena. Kesho daktari anafungua kuthibitisha tu."

Akawashukuru. Akaingia.

Wodi ilikuwa na vitanda vinane na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Dada alikuwa amelala kitanda cha dirishani, amekuwa mdogo, sindano ya maji mkononi.

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

"Vuta pazia."

Akavuta. "Dada, mimi si mtu wa..."

"Kaa."

Akakaa.

"Wote wana uhakika," dada akasema. "Kina mama wana uhakika. Mchungaji ana uhakika. Hata daktari, yule kijana wa viatu vyekundu, ana uhakika. Wodi nzima asiye na uhakika ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Benchi la tatu, miaka arobaini. Tangu juzi najaribu kuomba. Naita kama ninavyoita mahudhurio darasani. Naita jina, nasikiliza, hakuna anayesema nipo. Sasa hilo nimwambie nani? Mchungaji atanikemea. Wale kina mama wataanza upya. Ndipo nikamkumbuka mjinga mmoja anayeishi huko kusiko na uhakika siku zote, na bado anakula, analala."

"Yaani mimi."

"Yaani wewe. Unaishije huko?"

Pindo akafikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Walikuwa wakimwambia tu.

"Ni kama kumngoja mtu ambaye hakusema atafika saa ngapi," akasema. "Unafanya kazi zako. Unaacha mlango wazi."

"Na asipokuja?"

"Sijui, dada."

Dada akamtazama usoni kwa muda mrefu, ule mtazamo wa sukari. Kisha mabega yake yakashuka, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Haya," akasema. "Omba."

Nyuma ya pazia, mgonjwa wa kitanda cha jirani alipunguza redio ili asikie vizuri. Pindo akaushika mkono wa dada usio na sindano. Mikono ya dobi ni migumu, haisikii moto, lakini baridi ya vidole vile aliisikia.

"Sauti," dada akasema, kwa ile sauti ya mwalimu.

"Siwezi kwa sauti."

"Basi unavyoweza."

Akainama mpaka paji la uso likagusa ukingo wa kitanda, akanong'ona, hata jirani na redio yake hakupata kitu:

"Sijui kama upo. Huku nimemshika mimi. Kama upo, mshike huko upande wa pili."