Nani Atamwambia Baba Mkwe Arudi Nyuma

Baba mkwe wangu humpima mtu kwa anavyorudisha gari nyuma. Ukirudi kasi bila kutazama kioo, wewe ni mvunja ahadi. Ukirudi kidogo ukasimama, ukarudi tena ukasimama tena, wewe utachelewa kuoa. Mimi alinipima siku niliyokwenda kwake kuposa, nilipoegesha gari la karakana yetu ya friji mbele ya nyumba yake nikagonga pipa la taka. Alitoka, akalitazama pipa, akanitazama na mimi, akasema niingie ndani. Baadaye alimwambia binti yake kwamba nina haraka ila sina ubaya. Kwa miaka mitano iliyofuata sikupata sifa nyingine kutoka kwake.

Amefundisha udereva miaka thelathini na mmoja. Watu wanamwita Breki, kwa sababu gari la chuo lina breki ya pili upande wa mwalimu, na yeye alikuwa akiikanyaga kabla mwanafunzi hajajua kama kuna hatari. Viatu vyake vya kazini vilikuwa na soli nyembamba, alizozichagua mwenyewe kwa fundi viatu, ili mguu uisikie pedali. Hakuwa mtu wa kelele. Alisema tu, "Kioo," nawe ukitazama kioo unaliona lori. Hakuna aliyefaulu kwake kwa kuonewa huruma. Hata dada yake wa tumbo moja, yeye alimfelisha mara mbili, na mchana wa siku ileile wakala sahani moja.

Mwaka jana akapata kiharusi. Kidogo, walisema hospitali, kana kwamba kiharusi ni shati na kuna saizi. Mdomo ulirudi sawa, akili haikuguswa, lakini upande wa kulia ukawa mzito. Mama mkwe alishatangulia, kwa hiyo tulimleta kwetu, tukamtolea kompresa zangu mbovu katika chumba cha mbele, tukamwekea kitanda na kiti karibu na dirisha. Wiki za kwanza alikaa pale akiyatolea maksi maegesho ya majirani. Kisha akanyamaza. Jirani wa pili aliegesha gari lake likiwa limekatiza njia nzima, na Baba mkwe akatazama bila kusema neno. Mke wangu aliingia jikoni akalia.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amempa mpira mdogo wa kubana kwa vidole. Aliutia kwenye droo. "Mimi si mtoto," alisema, "wala si mbwa."

Sasa niseme kuhusu ulevi wangu, maana kila mtu ana wake. Jumamosi mchana, nikishafunga karakana, nacheza gemu ya vita kwenye runinga. Wanne dhidi ya wanne, kila mmoja kwao, tunasikizana kwa spika. Kuna kituo katikati ya uwanja, na timu itakayokishika mpaka saa iishe ndiyo inayoshinda. Upande wangu yupo dada mmoja anayeuza vipuri jirani na karakana, tunamwita Vipuri, mdomo wake pilipili. Yupo pia kinyozi wa duka la pembeni. Wa nne tulikuwa tunapewa na mtandao, mtu tusiyemjua, na mara zote alikuwa wa aina moja: anakimbia peke yake, anakufa peke yake, kisha anatutukana sisi.

Jumamosi moja sauti ikatoka kwenye kiti cha dirishani. "Huyo wa nne wenu anaingia njia panda bila kutazama."

Nikageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimkosoa mtu baada ya wiki tatu. Nilikwenda kabatini nikatoa padi ya pili, ile ya kushika kwa mikono miwili yenye vitufe, nikamwekea mapajani. Runinga nikaigawa nusu kwa nusu.

Ndani ya mwezi mmoja mzee alikuwa ametufundisha kazi tuliyokuwa tukijidai kuijua miaka mitatu. Sisi tulikuwa tukifa tunarudi uwanjani mbio, mmoja mmoja, na adui anatudonoa kama punje. Yeye akasema, "Subirini mfike wote, ndipo mtoke." Kinyozi alikuwa na tabia ya kujaza risasi pale pale alipomalizia kupiga, hadharani, kifua mbele. Baba mkwe akamuuliza kama akipata pancha hubadilisha tairi katikati ya barabara kuu. Kinyozi akajifunza kuingia kwanza nyuma ya ukuta. Ile ramani ndogo ya kwenye kona ya skrini, ambayo mimi niliiona pambo, yeye aliiita kioo, akataka tuitupie jicho kila baada ya pumzi mbili tatu. Kwenye kusemezana alitukataza hadithi. "Ukimwona adui, taja wangapi na wako upande gani, basi. Habari za kwamba umeshtuka utatuambia baadaye."

Vipuri alikuwa anapenda bunduki kubwa, na hakuwa akimpata mtu nayo. Mzee alimsoma wiki mbili, kisha akamwambia ashike dawa, awe tabibu wa kikosi. "Una mdomo mkali, mwanangu, lakini wewe peke yako ndiye unayegeuka kutazama nani kaanguka." Vipuri alibisha siku moja. Siku ya pili tukaanza kushinda. Na Kinyozi, aliyekuwa akitutangazia idadi ya aliowaua kama mnadi, aliulizwa swali moja tu: kwani kituo kiko kwenye hiyo idadi? Tangu hapo akawa anakaa kituoni.

Lakini tulikuwa na tatizo, na tatizo lenyewe lilikuwa adabu.

Siku ya kwanza, mchezo umeshaanza, Vipuri alisikia sauti ya mtu mzima kwenye spika. Akasimama pale alipokuwa. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, Baba. Pole na kuum..." Akapigwa risasi ya kichwa. Kinyozi naye akaona haya kuonekana hana malezi, akaamkia, akafa. Tulipoteza kituo kwa salamu. Ilibidi nitoe amri kwamba salamu zote ziishe kabla saa haijaanza kuhesabu.

Hilo lilitatulika. Lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Mzee alimwona adui kabla yetu sote, kila mara, lakini kidole gumba cha kulia kilifika kwenye kitufe adui ameshapita. Na kwa kuwa alimwona mapema, alibaki amesimama wazi akimngoja, akiamini atawahi. Sisi kwa sisi, mtu akisimama hivyo, tunamwambia arudi nyuma kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Baba mkwe utamwambiaje? Mimi nilikuwa naanza, "Baba, samahani, kama hutajali, naona labda ingefaa kidogo..." na hapo mzee alikuwa ameshalala chini.

Kisha tunamfariji. "Bahati mbaya, Baba." "Mtandao huo, Baba, unakwamakwama." Mtandao wetu ulibeba lawama zote za nyumba ile, na haukuwa na kosa hata moja. Tulikuwa tunamvika kilemba cha ukoka, watu wazima watatu, tukidhani tunamheshimu.

Naye akakivaa. Akaanza kunyoa ndevu kila siku. Akatoa vile viatu vya soli nyembamba akavipiga rangi. Hospitali walimpima presha, wakamtembeza kwenye korido, wakasema anaendelea vizuri, na ni kweli alikuwa akiendelea vizuri. Ila hakuna aliyempima kwenye breki. Ijumaa, tukiwa mezani, akatangaza kwamba amezungumza na mwenye chuo na Jumatatu anarudi kazini.

"Hongera, Baba," mke wangu akasema. Chini ya meza alinikanyaga.

Jikoni aliniwahi kabla sijaweka sahani. "Utamwambia."

"Mimi? Binti yake ni nani?"

"Mimi nikimwambia atasema ni huruma. Wewe hawezi kukushuku kwa huruma."

"Kwa hiyo mkwe ndiye wa kumwambia mzee hawezi tena kazi? Unataka nikalale karakana?"

"Nataka asiue mtoto wa mtu barabarani," alisema, akitumbukiza mikono kwenye maji ya vyombo. Jumatatu asubuhi baba yake angekaa kando ya mtu asiyejua klachi ni ipi, katikati ya malori, na mguu wa kulia unaofika baada ya hatari.

Jumamosi nilifunga karakana mapema nikiwa nimepanga hotuba. Nilipofika, hotuba yote ikayeyuka. Alikuwa ameshakaa, padi mkononi, mchangamfu, akaniambia nimechelewa. Tukaamkiana na wenzetu, tukaanza.

Tulicheza vizuri siku ile. Zilipobaki sekunde chache tulikuwa tumekishika kituo, Vipuri akitibu, Kinyozi mlangoni. Baba mkwe alikuwa ametoka mbele ya ukuta, uwanja mtupu. "Wawili," alisema kwa utulivu. "Kushoto, nyuma ya mapipa." Alikuwa sahihi, kama kawaida. Na kama kawaida hakusogea. Aliwangoja.

"Baba, samahani..." nikaanza, na sijui nini kilinipanda. Niliiona Jumatatu. Nililiona lori. "Rudi nyuma! Toka hapo! Kidole chako kinachelewa, watakuua!"

Akarudi. Hatua tatu, nyuma ya ukuta, kama mwanafunzi mwema. Wale wawili wakatokeza wakakuta hakuna mtu, Kinyozi akawamaliza, saa ikaisha, tukashinda. Hakuna aliyeshangilia. Kwenye spika nilimsikia Kinyozi akikohoa kikohozi cha mtu asiye na kikohozi. Mlangoni mke wangu alikuwa amesimama na kitambaa cha vyombo.

Mzee aliweka padi gotini. "Umesema nini kuhusu kidole?"

"Kinachelewa, Baba."

"Leo?"

"Kila siku."

"Na mtandao?"

"Mtandao hauna neno, Baba."

Akaigeukia spika. "Vipuri."

"Nakusikia, Baba."

"Ni kweli?"

Vipuri, ambaye namjua kwa kumjibu hata afisa wa kodi, alijibu kwa sauti ya chini. "Ni kweli, Baba. Tulikuwa tunakuheshimu."

"Mlikuwa mnanifaulisha," alisema.

Nimewahi kusemwa vibaya maishani, na wateja, na mke, na huyu huyu mzee kwa ajili ya pipa la taka. Hakuna neno lililowahi kunichoma hivyo. Nilitamani sakafu inimeze, na wakati huohuo nilishukuru kwamba limetoka.

Akatazama viatu vyake. Nilijua anafikiria nini, kwa sababu nilikuwa nafikiria hilo hilo: kama kidole kiko hivyo, mguu je? Akaniambia niende nyuma ya kiti chake nisimame asiponiona. Nipige kofi wakati wowote nitakao, bila kumwonya, naye atakanyaga sakafu. Mke wangu akasema, "Baba, acha." Akaupanga mguu wa kulia sakafuni.

Nikapiga kofi. Kukawa na nafasi, kisha mguu ukagonga sakafu. Mtu mwingine asingeiona nafasi ile. Nikapiga tena baada ya kusubiri kidogo, kisha haraka haraka mara mbili. Nafasi ilikuwa pale pale kila mara. Akabadilisha akatumia mguu wa kushoto, na huo ulishuka pamoja na kofi, wala huwezi kuvitenganisha. Akarudia wa kulia. Mara ya mwisho hakunisubiri niseme kitu.

"Simu," alisema.

Mke wangu akamletea. Alimpigia mwenye chuo, akamwamkua, akaulizia watoto wake, kisha akamwambia Jumatatu haji. Upande wa pili walisema maneno mengi ya upole, nilisikia sauti tu. "Hapana, siumwi," mzee akajibu. "Nimefeli." Akasikiliza tena. "Mwenyewe nimejipima. Na mkwe wangu alikuwa mtahini."

Alipokata simu mke wangu alikuwa amepiga magoti kando ya kiti, kichwa kimeegemea mkono wa kiti, analia bila kujificha. Mimi nilikuwa bado nyuma, nimesimama kama kigingi, sijui nije mbele au nitoke nje.

"Njoo hapa," aliniambia.

Nikaja mbele. Nikasema nilichoweza. "Nisamehe, Baba. Nilikupigia kelele."

"Ulichelewa. Ungenipigia wiki ya kwanza." Alinitazama kama alivyonitazama siku ya pipa, ila safari hii hakuwa na haraka ya kuniambia niingie ndani. "Mimi nikimfelisha mtu humpa tarehe ya kurudi. Simwachi njiani. Haya, nipe tarehe."

Nikafikiri. Sikutaka kumwongezea wala kumpunguzia. "Miezi mitatu, Baba. Tutapima kofi na mguu, hapa hapa. Na kama bado, nitakuambia bado."

"Utaniambia?"

"Nitakuambia."

Nampenda mzee huyu. Sijawahi kumwambia, na siku ile pia sikumwambia. Yeye alinyoosha mkono kunishika bega, ule wa kulia. Ulichukua muda wake kufika. Nikasubiri.