Punje Kumi za Kahawa na Mtu Aliyebaki Pangoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa karabai, ile taa ya kupigwa pampu, na amri moja. Aliyeniajiri tulimwita Bwana Mawe, Mzungu wa serikali ya Mwingereza aliyepima miamba. Alitaka watu wasiowahi kuingia pangoni walione pango la mawe ya chokaa, kwenye vilima vya nyuma ya Ijumbi, na jioni warudi kwao. Shule niliachia darasa la pili. Pango nililijua kwa magoti.

"Wakiingia kumi, watoke kumi," aliniambia. "Akibaki mmoja, huna kazi."

Kwetu watu hawahesabiwi kwa kidole. Ni kuwaitia kifo. Nikabuni njia yangu. Mlangoni kila mtu nilimpa punje moja ya kahawa ya kutafuna; asiile, akitoka anirudishie. Nilijiona mhandisi.

Kundi la siku hiyo, punje kumi, lilitoka Bukoba mjini na Nshambya: Walutheri kadhaa, mzee wa heshima Tata Ishengoma, na Fundi Juma, mshonaji, na mkewe Bi Zaina. Niliwaonya: shikeni kamba ya migomba niliyoitandaza ukutani, msiguse mawe yanayoning'inia, yamejengwa na matone, anayepotea akae pale pale.

Popo waliporuka, Bi Zaina alimfokea mumewe, "Ungenipeleka ziwani, ungekufa?"

Saa nane mchana tulitoka. Nilisimama mlangoni, kiganja wazi. Punje kumi.

"Wote wametoka?" aliuliza Bwana Mawe.

"Wote, Bwana!" Nikazima karabai. Watu walikuwa wameshashuka kijitoni kuosha kinyesi cha popo.

Bi Zaina akapanda kutoka huko, miguu imelowa. "Fundi wangu yuko wapi?"

"Ametoka, mama. Kahawa yake ninayo."

"Mimi sikuolewa na kahawa! Yuko wapi?"

Nikafungua kiganja tena. Kumi. Tata Ishengoma akakohoa.

"Waitu, mwenzetu, mimi nilikupa mbili. Moja yako, moja ya mfukoni kwangu. Kahawa haitolewi moja, ni uchoyo. Mama yako hakukufundisha?"

Alinifundisha. Hilo ndilo lililonichoma. Mhaya mzima nimehesabu watu kwa kahawa, kati ya Wahaya wenye kahawa mifukoni.

Mafuta ya taa yalibaki robo. Nikapiga pampu, nikaingia peke yangu. Kila nilipoita "Fundi!" pango lilinirudishia sauti, nami nikasimama nikidhani ni yeye. Kwenye shimo la maji, pale nilipowavusha mmoja mmoja kwa mkono, nikamulika. Kofia yake ilielea.

Nikachoma maji kwa fimbo. Nikachoma tena. Chini palikuwa na mawe tu. Sikulia, lakini nilisema maneno ambayo sijawahi kumwambia padri.

Nikamkuta kwenye kijumba cha pembeni, amekaa chini, magoti kifuani.

"Kofia ilianguka," alisema. "Nikainama kuitafuta, nikainuka, taa imeondoka. Nikapapasa ukuta ukanileta huku. Adhuhuri karibu inipite humu, bwana weee." Alicheka, lakini mkono alionishikia ulikuwa wa barafu.

Nje Bi Zaina alimchapa kwa khanga, kisha akamkumbatia. Bwana Mawe akauliza kosa ni la nani, macho kwa Tata Ishengoma.

"Langu," nikasema. "Nilisema wote, na sikutazama nyuso."

"Kesho uje mapema," akaniambia.

Nilikwenda mapema miaka yote ya pango, kisha nikahamishiwa tanuri la chokaa Kagoma, tulikolipua mwamba kwa baruti. Nyapara Mkuu wa huko alikuwa mtu wa haraka, akiniuliza kabla ya kila mlipuko:

"Wote wametoka?"

"Sijui, Bwana. Ngoja."

"Kila siku hujui! Mjinga wewe!"

Ninyi mliosoma hamjui jinsi neno hilo, "sijui", linavyomkwama mtu wa darasa la pili. Nililisema kila siku, nikaenda kutazama nyuso. Nilistaafu na nyumba ya bati niliyoijenga kwa mikono hii. Nyapara alinitukana mpaka siku ya mwisho. Hatukuzika mtu.