Jambo Kubwa Mbele

Yotamu aliishia darasa la nne. Kuandika alijifunza dukani kwa mzee Suresh, pale Mafinga, kwenye magazeti makuukuu ya kufungia sukari. Akawa ripota, na kwa miaka mingi bahasha zake za habari zilipanda basi mkononi mwa kondakta. Siku hizi sukari inafungwa kwenye nailoni, na gazeti halina msomaji. Hata hivyo shule moja ilimwomba awafundishe vijana kuandika habari, kila Ijumaa.

Ijumaa hiyo moyo wake ulikuwa Igowole, kwa kaka yake Aroni, aliyekuwa kitandani kwa ugonjwa wa kifua. Simu Yotamu alikwishaikataa. "Likitokea neno," aliwaambia ndugu, "nitumieni mtu. Mtu mwenye miguu."

Bertha, binti wa huko huko Igowole, akasoma habari yake. Akawasalimu wasomaji, akaeleza baridi, akasifu mahindi. Ukurasa wa pili ndipo kiwanda cha mbao kikaungua.

"Weee! Kiwanda kinateketea, wewe unanitembeza shambani?" Darasa likaangua kicheko. "Gazetini jambo kubwa mbele! Nani, nini, wapi, lini. Salamu kampe bibi yako."

"Lakini babu, kwetu mtu hamwagi habari mlangoni."

"Kwenu ni kwenu. Hapa ni gazeti."

Akasema hivyo, kisha akashangaa mwenyewe, kwani kwao Bertha na kwao yeye ni kumoja.

Jumapili jioni akasikia hodi. Alikuwa Bertha, aliyekwenda kwao Jumamosi, vumbi mpaka magotini. Yotamu hajavuta hata kigoda.

"Babu, mzee Aroni amefariki leo alfajiri, nyumbani kwake Igowole, kwa ugonjwa wa kifua."

Nani, nini, wapi, lini. Hapakuwa na neno la kufuta.

Yotamu akashika mwimo wa mlango. Alitaka kukaripia, asijue amkaripie nani. Zamani mjumbe aliketi, akapewa maji, mkaulizana mvua na mifugo. Mwisho ukamuuliza mgonjwa, na kwa jinsi alivyokawia kujibu, moyo ulianza kujiandaa wenyewe, na neno lilipofika lilikukuta umekaa. Nani ameiua desturi ile? Siku nyingine angesema ni vijana na simu zao. Leo kijana alikuwa mbele yake, ametumwa kwa miguu, na amesema kama alivyofundishwa.

"Nimekosea, babu?"

"Sijui, mwanangu. Sijui. Ingia."

Akamchotea maji. Akaketi naye.

"Kamwene," akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, babu."

"Mahindi ya huko yanasemaje?"

Bertha akamkodolea macho. Kisha akajiweka sawa kwenye kigoda.

"Yamebeba, babu. Viazi ndivyo vimepigwa na baridi."

"Na barabara?"

"Inapitika."

Akauliza mbuzi, akauliza kanisa, akauliza majirani mmoja mmoja kwa majina, mpaka akaishiwa watu. Akabaki mmoja.

"Na kaka yangu, hajambo?"

Bertha akaweka kikombe chini, akakawia.