Nyumba Aliyoifunga Baba Mkwe

Baba mkwe wangu hakuwahi kupiga hodi nyumbani kwangu. Kila Ijumaa baada ya sala alichomeka ufunguo wake mlangoni, akaingia na mfuko wa samaki, akanikuta hata na kanga ya kufulia. Ilinikera, lakini ningesema nini? Nyumba ile ya Edmonton, huku ughaibuni, aliinunua yeye, aliyetoka Unguja mikono mitupu. Kabla ya harusi yetu aliiandikia hati kwa wakili: wakae mwanawe, na mkewe maadamu yu mke, kisha iwe ya wajukuu. Kwake yeye huo ulikuwa wakfu, mali iliyofungwa, na wakfu haugeuzwi.

Basi mwanawe akaniacha, akahamia Woolwich kwa mke mwingine. Mimi nikabaki na watoto wawili na yale maneno, maadamu yu mke. Pa kwenda sikuwa napo.

"Mwanangu, mie ningekuacha ukae," baba mkwe aliniambia, macho chini. "Lakini nishaifunga. Hata mie mwenyewe siwezi kuifungua."

Wakili wangu alisema sheria ya hapa ni nyingine: mali iliyofungwa kwa ajili ya ndoa, ndoa ikivunjika, hakimu anaweza kuyabadili masharti yake. Sikumsadiki. Nilidhani ananipa moyo tu.

Siku ya mahakama nilitarajia hakimu wa kutisha. Nikamkuta mwanamke mdogo kuliko mimi, ana mafua, tishu mkononi. Aliisoma hati polepole, kisha akamuuliza mzee alikuwa akiwatakia nini wajukuu zake.

"Wasihamehame kama nilivyohama mie," akajibu.

Hakimu akainamisha kichwa, akaandika. Halafu akasema: nitakaa mle na watoto mpaka wa mwisho amalize shule, kisha nyumba iende kwa wajukuu, kama babu yao alivyotaka. Yale maneno, maadamu yu mke, akayaondoa. Maneno ambayo ukoo mzima uliyaogopa, mwanamke mwenye mafua kayageuza kwa sauti ya chini, na dari haikutuangukia. Nia ya mzee nayo ilibaki palepale. Hadi leo nikikumbuka nashangaa.

Kwenye basi mzee alikaa kiti cha mbele, akanipa mgongo. Nikajua nimepata nyumba, nimepoteza baba.

Ijumaa ilipofika nilikuwa jikoni nikikanda unga, sikio mlangoni, nikisubiri ufunguo uzunguke. Haukuzunguka.

"Hodi," sauti ikasema nje. Kisha tena, kwa upole zaidi, "Hodi wenyewe."

Binti yangu mdogo aliniuliza, kwa Kiingereza chake, kama Babu kapoteza ufunguo. Nilikwenda kufungua na unga wangu mikononi. Alikuwa amesimama kwenye mvua na samaki wake, ufunguo kaushika mkononi, akingoja nimwambie karibu.