Kutoka Chumba cha Joto Hadi Kisondela

Nilisafiri kwenda Tukuyu kwa sababu mwanangu Neema, mtoto wa miaka minane, alifunga nguo zake kwenye kanga akahamia kwa dada yangu, Temeke. Hakugombana na mtu. Alimwambia tu mama yake mkubwa, "Mama akirudi na taulo limelowa, mimi naogopa."

Taulo hilo lilikuwa la yoga. Miaka ile ya soko huria kila kitu kiliingia mjini, na mwanamke mmoja akafungua chumba cha yoga ya joto kule Upanga: mashine za joto ukutani, madirisha yamezibwa, watu wanajipinda humo huku jasho likiwatiririka. Dada yangu alicheka mpaka akashika ubavu. "Dar hii hii? Unalipia joto?" Lakini mimi nilikuwa nimefiwa. Shirika alilofanyia kazi mume wangu liliuzwa, wakapunguzwa watu, naye hakumaliza mwaka. Alianguka asubuhi moja akiwa anavaa viatu. Sikumlilia. Msibani watu walinisifu, eti mwanamke jasiri. Ujasiri gani? Kilio kilinikwama hapa kooni, kikakataa kupanda wala kushuka.

Mwanzoni chumba kile kilinisaidia, sikatai. Nilitoka mwepesi, nikalala usingizi. Baada ya miezi mambo yakageuka. Nikijikunja kwenda nyuma, hasira inanipanda bila sababu, natetemeka, machozi yananitoka na moyo mkavu. Narudi nyumbani mtupu kama debe, sitaki hata mtoto aniguse, na kesho yake nakwenda tena. Mwalimu alikuwa na sharti moja: mlango haufunguliwi mpaka mwisho, na anayetoka ameshindwa. Mimi sikutoka hata siku moja. Nilijivunia hilo, mjinga mie.

Dada alinikalisha chini. "Mficha maradhi, kilio humuumbua," akasema. "Mtoto keshakukimbia. Unangoja nini?" Nikamkumbuka Sekela, niliyesoma naye chuo cha ualimu, mwenyeji wa Rungwe. Aliwahi kuniandikia kwamba na yeye anafanya yoga, ya pole pole, aliyofundishwa na mgeni mmoja alipoumwa mgongo. Nikafunga safari likizo ya Juni.

Alfajiri, Ubungo, nilipanda basi la Mbeya. Mikumi nilisinzia. Iringa nilikula chipsi baridi. Kuanzia Makambako baridi iliingia kwenye magoti, na abiria wote wakavaa makoti isipokuwa mimi, mtu wa Dar, niliyevaa gauni la mikono mifupi. Nililala Uyole, asubuhi nikapata gari la Tukuyu. Baada ya Kiwira ukungu ulishuka, mashamba ya chai yakawa yanaonekana na kupotea. Nilisafiri nikiwaza kitu kimoja tu: nikirudi vilevile, Neema harudi.

Sekela alinipokea stendi kwa vifijo, akanivisha sweta lake hapo hapo. Nyumbani kwake Ibighi alitandika mikeka sebuleni, akaacha mlango wazi. Tukalala chali. Tukainua mkono, tukaushusha. Tukalala tena.

"Sekela, hii ni yoga au tumelala?"

"Ni yoga ya sweta, Mama Neema. Tulia."

"Nitulie nini? Hata jasho hakuna!"

"Jasho ulilipenda, likakupa nini?"

Nikainua mkono tena, nikaushusha. Ukweli ni kwamba kimya kile kiliniogopesha kuliko joto. Kule Upanga angalau nilikuwa napigana na kitu. Hapa nilisikia mvua kwenye bati, na katikati ya mvua nikakumbuka kiatu kimoja cha mume wangu, Elia, kilichobaki hakijafungwa kamba. Siku zote zile nilikaa na uchungu wangu tumetazamana, hausogei, sisogei. Nikaanza kuamini nimekuja bure.

Kabla wiki haijaisha, habari ya msiba ikaja. Baba mmoja wa Kisondela, mkulima wa ndizi, jamaa ya mume wa Sekela, alikuwa amefariki. Huko msiba hauna cha mgeni, tukaenda wote kwa miguu, njia ya udongo inateleza, migomba inatudondoshea maji shingoni. Tulipofika, Sekela alikwenda kupika na wanawake wa nje. Mimi akaniambia, "Ingia kidogo ukampe pole mjane."

Niliingia. Jeneza lilikuwa katikati, wanawake wamekaa sakafuni wakiegemeana, dirisha limefungwa kwa sababu ya mvua. Joto la watu lilinipiga usoni, na mwili wangu ukalitambua. Nikanyoosha mgongo. Nikaanza kupumua nilivyofundishwa. Wanawake walilia, wakatoka, wakaingia wengine, nao wakalia, wakatoka. Mimi nilibaki pale karibu na jeneza, jasho linanitoka, najiambia usitoke, usitoke.

Sikuona kwamba mjane alikuwa ameacha kulia, ananitazama mimi. Mwanamke mnene mwenye mwiko mkononi aliingia, akanishika mkono, akanitoa nje mbele ya watu.

"Wewe mama," akasema, "humo ndani watu wanakwenda kwa zamu. Unalia, unatoka, unakula, ukitaka unarudi. Anayekaa moja kwa moja ni mke wa marehemu peke yake. Wenzako wanaulizana marehemu alikuoa lini!"

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe nimedhaniwa nyumba ndogo ya mtu nisiyemjua hata sura! Sekela alikuja mbio kunitetea, lakini yule mama hakumsikiliza.

"Nimekuona ulivyokaa," akaniambia, sasa kwa sauti ya chini. "Hivyo ndivyo anavyokaa mjane. Wewe ni mjane wa nani?"

"Wa Elia," nikasema.

Sikuwa nimelitamka jina hilo tangu tumzike. Lilipotoka, kilio kikatoka nalo, kilio chenyewe, cha sauti, mvuani, nimeshika kanga ya mpishi nisiyemjua jina. Hakuniambia nyamaza. Niliponyamaza mwenyewe alinipa ndizi za kuchemsha na maharage. "Kula," akasema. Nikala nikiwa bado nina kwikwi. Halafu nikaingia tena, nikamwomba mjane radhi, nikalia naye, nikatoka.

Nilirudi Dar na sweta la Sekela. Sisemi nimepona. Asubuhi nyingine bado naamka na jiwe kifuani, na Elia hafufuki. Ila nimejua joto halikuwa na kosa, wala jasho. Kosa lilikuwa ule mlango. Sasa natandika mkeka nyumbani, nanyoosha viungo pole pole, na nikishindwa natoka.

Temeke, Neema alilichukua taulo kwenye begi langu, akalifinyafinya. Lilikuwa kavu. Akaenda kuchukua nguo zake. Usiku nilimweleza wanavyolia Kisondela, na asubuhi tukakaa mkekani, mlango wazi, nikamtaja baba yake. Tulilia wote wawili. Yeye ndiye aliyesimama kwanza, akafuta uso kwa mkono wa gauni, akanivuta.

"Mama, sasa toka nje," akasema. "Chai inapoa."