Askari wa Urefu wa Kidole

Bi Pilika hakuzaliwa na jina hilo. Alipachikwa na wenzake katika karakana ya meno bandia, chumba chembamba nyuma ya hospitali kinachonuka nta na plasta, kwa sababu tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumwona amekaa kitako akamaliza kikombe cha chai. Atakunywa nusu, atainuka kufuta meza ambayo ni safi, akirudi chai imepoa, ataimwaga na kulalamika kwamba hapewi nafasi ya kunywa chai. Mumewe aliishi naye kwa amani baada ya kumwachia upande wa nje wa kitanda, maana mwanamke huyu akikumbuka jambo hazunguki, anakuruka.

Na mtu wa namna hiyo, uzeeni, kazi zote zilizojaa duniani hakuziona, akajitia kwenye ile inayotaka utulivu kuliko zote. Kwenye meza ya vitu chakavu sokoni aliokota sanduku la askari wa plastiki, wale wa kuunganisha kwa gundi, wa urefu wa kidole. Wapo watu wazima na akili zao wanaowanunua hao, wanawapaka rangi na kuwapanga kabatini. Yeye alimchagua mmoja, wala hakutaka kumpanga kabatini. Askari yule alikuwa wa jeshi la watu wengine, amevaa helmeti na koti zito la baridi, na Bi Pilika alitaka kumgeuza awe baba yake.

Baba huyo hakumwona hata siku moja. Alichukuliwa kwenda kwenye Vita Kuu ya Pili mkewe akiwa na mimba changa, akafia ng'ambo. Picha hakuacha. Mama yake Bi Pilika, alipokuwa hai, akiulizwa mumewe alikuwa mtu wa namna gani, alijibu, "Alikuwa mrefu kiasi," kisha akakumbuka kwamba kuna kitu kinaungua jikoni. Binti akakua, akaolewa, akazaa, akawa bibi, na baba yake akabaki kuwa mrefu kiasi.

Basi akaanza kukata. Koti la baridi alilinyoa kwa kisu cha kazini mpaka likawa shati. Suruali aliikata, akampa kaptula na magoti ya kuchonga. Helmeti aliisaga kwa drili ndogo ya meno, juu yake akajenga kofia kwa gundi ya kukanda, ile inayogeuka jiwe ikikauka. Mikanda aliitengeneza kwa vipande laini vya madini ya risasi vinavyotolewa ndani ya filamu za eksirei za meno, vitu ambavyo hospitali nzima huvitupa. Chini ya magoti alimzungushia vitambaa vya miguuni, vile virefu walivyojifunga askari wa zamani kutoka kwenye buti hadi karibu na goti, mizunguko imelingana kama ya skrubu. Hayo yote yalimwendea vizuri. Uso ndio uliomtesa. Alijitazama kwenye kioo, akachukua pua yake mwenyewe, akampa. Midomo aliibuni tu, na kila alipoiangalia ilionekana kama inamcheka.

Aliyebaki wa kumuuliza alikuwa mmoja: Baba Mdogo, kitinda mimba wa ukoo, ndugu wa mwisho wa marehemu. Mzee huyu alimzidi Bi Pilika miaka michache tu, kiasi kwamba utotoni waligombania mpira mmoja, lakini baba ni baba, na mpaka leo Bi Pilika alimwamkia shikamoo kabla ya kumtania. Maisha yake yote alikuwa kinyozi. Vichwa vya mji mzima vilipita mikononi mwake. Na yeye peke yake, kati ya watu wote walio hai, alikuwepo nyumbani siku kaka yake alipokuja kuaga akiwa na sare.

Ila alikuwa anaondoka. Mwanawe aliyehamia mbali alikuwa anakuja Jumamosi kumchukua akakae naye moja kwa moja, na hali ya kifua chake haikuwa ya mtu wa kusafiri mara mbili. Bi Pilika alitaka kitu kimoja tu kabla ya gari hilo kufika: Baba Mdogo amtazame askari yule aseme, "Ndiye."

Mara ya kwanza mzee alimgeuza geuza kwenye dirisha la chumba chake, akaguna. "Siye."

"Kasoro nini, Baba Mdogo?"

"Kichwa. Hicho ni kichwa cha mtu anayedaiwa."

Akarudi nyumbani, akakiondoa kichwa, akachonga kingine. Siku ya pili mzee akasema siye, mabega hayo ya mpiga debe. Akayakata mabega. Siku iliyofuata, siye, wala hakutoa sababu. Kazini, mawazo yako kwa kinyozi, akapanga gego mahali pa jino la mbele. Daktari akalishika lile taya bandia juu kama mtu aliyekamata mwizi.

"Bi Pilika, huyu mgonjwa unataka atafune kwa pua?"

Nyumbani mumewe naye alichoka kukanyaga vipande vya plastiki. "Mke wangu, mpake rangi uyamalize. Nani atajua?"

"Baba Mdogo atajua!"

"Basi muache na mzee wa watu apumue."

Hakumuacha. Ijumaa alitoka kazini mapema, zana na askari vikiwa ndani ya kopo la chakula, akaenda kwa miguu kwa sababu hakuwa na subira ya kungoja gari. Alimkuta Baba Mdogo kati ya mafurushi. Viti vimeshagawiwa majirani, kioo cha kunyolea kimefungwa ndani ya blanketi, na mzee anahangaika kufunga sanduku lisilofungika. Bi Pilika akaamkia, akamsimamisha askari kwenye kizingiti cha dirisha.

"Siye," alisema Baba Mdogo, huku ameinamia kamba ya sanduku.

"Hata hujaangalia!"

"Nimeangalia."

"Umeangalia kamba! Baba Mdogo, mimi nimekuwa mtoto wa kuchezewa? Nakesha, naharibu meno ya watu, mume wangu ananiona kichaa, na wewe unasema siye kama unafukuza nzi! Gari linakuja kesho. Niambie uso wake ulikuwaje, nikae kimya."

Mzee akaiachia kamba. Akakaa juu ya sanduku, nalo likafungika lenyewe.

"Siujui," alisema.

"Hujui nini?"

"Uso wake, mwanangu. Siujui." Aliitazama mikono yake. "Alikuwa anafanya kazi mbali. Akija, mimi mtoto naangalia kabeba nini, nani aangalie uso? Halafu siku ya kuaga nikajificha chini ya kitanda. Nilikasirika. Nyumba nzima inamsifia nguo zake mpya, na mimi najua ananiacha. Akaingia chumbani kunitafuta. Nikaona buti zake. Akaniita kwa jina, nikanyamaza. Akagonga mguu wa kitanda kwa ncha ya buti, polepole, ko, ko. Nilitaka ainame. Angeinama ningemuona. Na yeye nadhani alitaka nitoke. Akasimama pale, nikalala pale. Lori likapiga honi, buti zikageuka, zikaondoka."

Bi Pilika alimgeukia askari pale dirishani.

"Nimemtafuta kwenye kila kichwa nilichonyoa," Baba Mdogo aliendelea. "Kila ulipokuja na uso mpya nilisema labda huu utanikumbusha. Haukunikumbusha, nikasema siye. Ningekwambia sijui, ungebaki na nani?"

Alimchukia. Tuseme ukweli, kwa muda mfupi alimchukia mzee yule kwa moyo wote, yeye na kitanda chake na ukaidi wake wa kitoto, kwa sababu alikuwa na baba hatua moja kutoka puani mwake na hakutoa kichwa. Akatembea mpaka mlangoni. Akarudi. Akaufungua mlango, akaufunga. Machozi yalimtoka na akayafuta kwa hasira, na alipomaliza kuyafuta akamkuta Baba Mdogo bado amekaa juu ya sanduku, mabega yameshuka, anangoja kugombezwa.

"Vitambaa vya miguuni," Bi Pilika alisema. "Vilikuwa hivi nilivyofunga?"

Mzee aliinua macho. "Hapana. Wewe umefunga vizuri. Yeye hakujua kufunga. Cha kushoto kilikuwa kimelegea, ncha inaburuzika sakafuni."

"Na buti iliyogonga?"

"Ya kulia. Kisigino chini, ncha juu."

Akafungua kopo, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, sanduku la safari likawa meza yake. Akaukwangua ule mzunguko wa skrubu kwenye mguu wa kushoto, mzuri ulivyokuwa, bila kuuonea huruma. Akakata uzi mwembamba wa risasi, akauviringisha ovyo, ncha akaiacha ianguke. Mguu wa kulia aliukata kwenye kifundo, akatoboa, akapachika waya wa kunyooshea meno, akaupinda mpaka ncha ya buti ikainuka. Baba Mdogo alisimama nyuma yake akisema legeza zaidi, zaidi, hapo, usiguse. Wala hawakuongea kingine. Kuhusu uso hakuna aliyeuliza.

Gundi iliposhika, akamwinua askari ampe mzee mkononi. Mzee akakataa.

"Muweke chini."

Akamweka sakafuni. Baba Mdogo akaanza kushuka, mkono mmoja ukutani, kifua kinapiga miluzi, goti la kwanza, goti la pili, mpaka akalala kifudifudi kati ya mafurushi yake, shavu kwenye saruji. Bi Pilika alitaka kumzuia, akasita. Mzee alizitazama zile buti muda mrefu, hapepesi.

Kisha akanyoosha mkono, akaanza kujivuta mbele kwa viwiko.

"Kaka," alisema. "Usiende. Natoka."